Nilipoigiza Msichana wa Miaka Kumi na Minne

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa Malaba kumtafuta msichana anayeitwa Akinyi. Nilipewa jina hilo, jina la shule ambayo alikuwa ameshaiacha, na maelezo kwamba nyumbani kwao kuna mlango wa bluu. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimewapata Akinyi sita, wengi wao wakiwa na milango ya bluu, na wote wakiwa tayari kuwa Akinyi ninayemtaka ilimradi niseme kwanza ameletewa nini. Jioni nilirudi ofisini bila Akinyi, na nikiwa na karanga nyingi ambazo sikukusudia kununua.

Mliponiaga mwezi uliopita mlinitaka nisiende nyumbani na mambo yote haya kichwani. Nimekaa nikatazama ni mambo gani, nikaona mengine hayafai kuandikwa na mengine ninyi mnayajua kuliko mimi. Vyeo sitavieleza, kwa sababu niliingia nikiwa mfuatiliaji na nimetoka nikiwa mfuatiliaji. Nitaandika yale niliyoyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sijui, nitasema sijui.

Kwa wale walioingia juzi: mradi wetu umekuwa ukiwafuata vijana wa Busia na Malaba tangu wakiwa darasa la sita hadi wanapokuwa watu wazima, kuona jinsi akili na moyo wao vinavyokua. Kila mwaka mhojaji anahitaji kuketi na kijana yuleyule aliyeketi naye mwaka jana. Kazi ya mfuatiliaji ni kuhakikisha kijana huyo yupo kitini. Mimi niliishia kidato cha pili. Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa na pikipiki. Ukweli ni kwamba pikipiki ndiyo iliyofaulu usaili, mimi niliisindikiza tu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Okiru, Mteso wa Malaba, ambaye kabla ya mradi alikuwa akiwatafutia madereva wa malori vyumba vya kulala. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alitembea polepole mpaka nikadhani mguu unamuuma. Baadaye nikaelewa kwamba mtu anayetembea haraka Malaba hudhaniwa kuwa anafukuza mtu au anafukuzwa, na watu hufunga midomo.

Siku ya pili alinichukua tukarudi kumtafuta yule Akinyi. Hakuuliza jina hata mara moja. Alisimama kwa mama mmoja muuza chapati upande wa pili wa mpaka, akala chapati mbili, akasifu ya tatu, ndipo akasema, "Mama, kuna kasichana fulani kembamba, kanacheza mpira na wavulana, kanapiga na mguu wa kushoto."

"Huyo alivuka, sebo," mama akasema.

"Alivuka kuja ama alivuka kwenda?"

"Asubuhi anavuka kwenda, jioni anavuka kuja. Leo sijaona akikuja."

"Basi ako kule tumetoka."

"Mimi nashangaa mlikuja kumtafuta huku," mama akasema. "Huku analala tu."

Njiani Mzee Okiru alinieleza kwamba mtoto wa mpakani ana jina la nyumbani, jina la shule ya Kenya, jina la shule ya Uganda, jina la kanisani, na jina ambalo wenzake wanamwita na ambalo mama yake halijui. Ukiuliza jina moja umeyakosa manne. Uliza anachopenda kufanya. Mtoto huchoka na jina lake, lakini ni vigumu kumtoa kwenye mpira. Tulimkuta Akinyi uwanjani. Alitutazama, akasema, "Nyinyi ndio mlikuwa mnasumbua watu na milango jana?" Nikasema ni mimi. Akamwambia Mzee Okiru, "Mfundishe, mzee." Nilifundishwa, na Akinyi tulimpata kila mwaka baada ya hapo.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Pikipiki, mwavuli, gambuti za msimu wa mvua kwa ajili ya njia za Amukura, na baadaye tableti, ambazo zilikuja na vifuniko vizuri na betri zisizojua kwamba Malaba ni mbali. Kifaa ambacho hakuna aliyenipa ni uwezo wa kukaa kwenye benchi la mtu bila kusema kilichonileta. Hicho kinahitaji miaka. Vijana wa siku hizi mnafika mkiwa mmeshika simu mkononi kama mtu anayekuja kukata stima.

Ninyi mnaofuata mtakutana na wazazi. Kesi ngumu nyingi nilizopata hazikuwa za vijana, zilikuwa za wazazi wao. Nakumbuka baba mmoja wa Malaba, wakala wa kupitisha mizigo, mtu mwenye adabu. Mwanawe alikuwa amehojiwa asubuhi, na yeye alinifuata mpaka nilipoegesha pikipiki.

"Mzee, mimi ndiye nilitia sahihi ile karatasi ya kukubali, ama sivyo?"

"Ni wewe, boss."

"Basi nimeruhusu. Sasa niambie alisema nini."

"Uliruhusu aulizwe. Hukuruhusu uambiwe."

"Huyo ni mtoto wangu. Viatu ako navyo nimenunua mimi."

"Na ako nyumbani kwako, boss. Anakula meza moja na wewe. Muulize."

Akasema atamuuliza. Mwaka uliofuata nilimuuliza kama alimuuliza. Akaniambia kulikuwa na shughuli nyingi. Jibu hilo, "muulize mtoto mwenyewe", nililitumia kwa wazazi wengi sana, na nililiona ni jibu zuri. Lilikuwa rahisi kulitoa.

Sasa nije kwa madaktari. Mradi ulikuwa na nafasi moja ya mtafiti ambaye ameshamaliza shahada ya uzamifu. Ofisini tuliita nafasi hiyo postidoki. Mtu akishasoma mpaka vitabu vikaisha, anapewa miaka miwili aonyeshe kama alielewa. Walipita kadhaa kwetu, na majirani wa ofisi, pale barabara ya kuelekea Alupe, hawakuwahi kukubali kwamba kuna daktari asiyetibu. Kila alipofika mpya, asubuhi yake kulikuwa na akina mama wawili watatu kwenye veranda wakiwa na watoto wenye homa.

"Huyu ni daktari wa nini?" waliniuliza.

"Wa vijana wanapokua."

"Kukua ni ugonjwa?"

"Uko na vijana nyumbani kwako?"

"Wako wawili."

"Basi jibu unalo."

Mmoja wao, kijana mrefu mpole, alichunguza jinsi vijana wanavyojasiria hatari. Alileta mchezo wa puto kwenye tableti. Kila ukibonyeza, puto linavimba na unapata pointi, na mwisho pointi hizo zinabadilishwa kwa peni au madaftari. Puto likipasuka unapoteza zote. Mwenye papara hupasua, mwoga huacha mapema. Hivyo ndivyo ilivyotarajiwa. Kijana wetu wa kwanza Malaba alibonyeza mara mbili, akaweka kidole pembeni.

"Boss, nikiacha hapa ni ngapi?"

Akaonyeshwa pointi.

"Na nikiongeza kidogo, mnanihakikishia haipasuki?"

"Hatuwezi kukuhakikishia. Ndio mchezo wenyewe."

"Mwenye puto ni nani?"

"Hakuna mwenyewe. Ni kompyuta."

"Lazima kuna mwenyewe. Niitie, tuelewane."

Wa pili naye alitaka kuelewana, na wa tatu akaja na binamu yake wa kumsaidia kuelewana. Watoto hawa walikuwa wamelelewa mahali ambapo kila bei ina mlango wa nyuma, na mtu anayekuambia hakuna nafasi ya kuongea ana maana hajaona unachotoa. Daktari yule aliandika ukurasa mzima kuhusu jambo hilo, na nasikia ndio ukurasa uliompatia kazi alikokwenda.

Baada yake alikuja Daktari Mwanaisha kutoka Mombasa. Alikuwa na Kiswahili kilichonyooka mpaka vijana wakawa wanakaa wima wakimsikiliza, kama taarifa ya habari imeanza. Mhojaji wetu Beatrice, ambaye ulimi wake mnaujua, alimwambia wiki ya kwanza, "Daktari, punguza kidogo. Ukisema 'tafadhali' mara ya pili wanadhani wamekosea." Daktari alicheka, akapunguza. Utafiti wake ulikuwa juu ya vijana waliofiwa na mzazi: wanaubeba vipi msiba huo, na nani huwasaidia.

Alipofika, mimi nilikuwa nimefiwa. Mke wangu, Taaka, alikuwa ameugua kwa muda mfupi na kufariki, akaniachia binti yetu Nafula, aliyekuwa na miaka kumi na minne wakati ninaoueleza. Mkubwa wa ofisi aliniuliza kama ningependa kupewa kazi nyingine mpaka utafiti ule upite. Nilikataa. Nilisema kazi ni kazi, lakini sababu ya kweli ni kwamba nilitaka kuona watu wengine walifanyaje.

Nafula hakunipa shida yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Alipika, alifua, alifanya kazi za shule, na nikimsemesha alijibu, "Sawa, baba." Mama yake hakumtaja. Tangu siku ya maziko sikusikia neno "mama" kinywani mwake. Mimi nami sikulitaja, kwa sababu nilidhani jeraha limeanza kufunga na sikutaka kuwa mtu wa kulifungua. Tulikaa hivyo, watu wawili wenye adabu ndani ya nyumba moja.

Dada mkubwa wa mke wangu, Consolata, anauza nafaka Bumala. Ni mtu mwema na hajawahi kusema jambo kwa kuzunguka. Alikuja siku moja na gunia dogo la maharagwe, akamtazama Nafula akipita na sufuria, akasubiri atoke.

"Shemeji, huyu mtoto amekuwa kama redio imeisha betri."

"Ni utulivu wake."

"Hakuwa na utulivu. Namjua tangu akiwa anatambaa, alikuwa anaongea mpaka na kuku. Mlete kwangu. Kwangu kuna wasichana watatu, ataongea hata kama ni kuwatukana. Msichana wa umri huu anataka mama karibu."

"Acha nifikirie."

"Fikiria mpaka muhula uishe. Akihama, ahamie shule ya Bumala mwanzoni, si katikati."

Nilifikiria. Kadiri nilivyofikiria ndivyo nilivyoona Consolata ana haki. Ningemlazimishaje mtoto akae katika nyumba iliyomfanya bubu? Na nikimwacha aende, ningebaki na nini? Maswali hayo mawili nilitembea nayo kutoka Busia hadi Malaba na kurudi, na katikati ya hayo nilikuwa nikigonga milango ya watu na kuwaambia tungependa kujua vijana wao waliofiwa wanaendeleaje.

Orodha ya kwanza ya maswali ya Daktari ilikuwa na swali hili: tangu mzazi wako afariki, umelia? Lilionekana swali zuri. Mimi mwenyewe nilipolisoma sikuona kasoro. Beatrice alilijaribu kwa mvulana mmoja wa Malaba, na mvulana akasema amelia sana. Wapi? Kwenye matanga ya mjomba. Na kwingine? Matanga ya mzee wa kanisa, ya jirani wa shangazi, na ya mtu mmoja wa Adungosi ambaye hakumjua.

"Sasa huyo hukumjua ulimlilia nini?" Beatrice akauliza.

"Madam, utaingiaje boma ya watu ukiwa macho makavu? Halafu uketi ungoje chakula?"

"Na baba yako?"

"Hiyo siku nilikuwa nabeba viti," akasema.

Daktari alilifuta swali lile jioni hiyo hiyo. Alisema anahitaji kuanza upya na kuwasikiliza vijana wengi zaidi kabla ya kuandika jingine. Kwa desturi ya kazi yetu, mnajua, watoto wa wafanyakazi hawawezi kuwa washiriki, lakini maswali mapya huonjwa kwao kwanza, kama mchuzi unavyoonjwa jikoni. Majibu yao hayahifadhiwi popote. Daktari akauliza nani ana kijana aliyefiwa nyumbani mwake, iwe ni mtoto wake au wa ndugu. Mikono iliinuka zaidi ya nilivyotarajia. Wangu uliinuka mwisho.

Nafula sasa ni mtu mzima. Nimemsomea yote haya kabla ya kuwapa ninyi, naye ameruhusu, isipokuwa sehemu mbili ambazo aliniambia nizitoe na nimezitoa. Kwa hiyo msitafute.

Nilimwambia wakati anaosha vyombo. Aliuliza, "Ni nani atakuwa anauliza?"

"Daktari Mwanaisha."

"Wewe utakuwa ndani?"

"Hapana. Hairuhusiwi."

"Basi nitaenda," akasema.

Siku ya mahojiano niliketi kwenye veranda na Beatrice. Tulitarajia nusu saa. Ilipita, ikapita tena. Mwanzoni hapakusikika kitu, kisha nikasikia Nafula akicheka, kicheko kirefu, na Daktari akicheka naye. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu mama yake alazwe. Mtu angesema nifurahi. Mimi niliona wivu, na nikaona aibu kwa kuona wivu, na Beatrice, ambaye huona kila kitu, alianza ghafla kunieleza bei ya nyanya soko la Busia. Ni mara pekee ninayokumbuka amefanya kazi ya huruma bila kunikumbusha baadaye.

Tulipokuwa tunapanda pikipiki nikauliza, "Mlikuwa mnacheka nini?"

"Mambo yetu," Nafula akasema.

Kesho yake niliingia kwa Daktari, nikasimama mlangoni na kofia mkononi kama wale wazazi wote.

"Daktari, sitaki maneno yake. Nataka tu kujua kitu kimoja. Nimpeleke Bumala ama nisimpeleke?"

Alifunga tableti yake. "Mzee Wandera, wazazi wakikufuata wakitaka kujua watoto wao wamesema nini, huwa unawaambiaje?"

"Nawaambia wakamuulize mtoto."

"Na wanaenda kumuuliza?"

"Hawaendi."

"Kwa nini?"

"Wanaogopa atajibu."

Alinimiminia chai, nikanywa nimesimama, nikaondoka. Nilimkasirikia siku nzima, na sikuweza kupata kosa lake.

Wiki iliyofuata tulifanya mazoezi ya maswali mapya. Mnajua tunavyofanya: mhojaji anakaa upande mmoja, na mmoja wetu anaigiza kijana, ili mhojaji azoee kuzungushwa. Tangu wakati wa Mzee Okiru, wafuatiliaji ndio huigiza, kwa kuwa sisi tumedanganywa na vijana wa kila namna. Nilikuwa na sifa katika kazi hiyo. Mvulana mkaidi wa kidato cha tatu niliyemwigiza mwaka mmoja aliwahi kumliza mhojaji mgeni.

Siku hiyo tulichagua vikaratasi vilivyokunjwa. Changu kilisema: msichana, miaka kumi na minne, amefiwa na mama, anaishi na baba. Daktari alikiona, akasema nichukue kingine. Nikasema hicho kinatosha. Beatrice akatoa leso yake akanifunga kichwani, akasogea nyuma kunitazama.

"Msichana ana ndevu nyeupe," akasema. "Lakini tumeona wengine wabaya zaidi Malaba."

Watu wakacheka, nami nikaketi. Sikuhitaji kubuni msichana. Nilimchukua yule ninayemjua. Nikaweka magoti pamoja, mikono juu ya magoti, macho kwenye ukingo wa meza. Beatrice akauliza shule ikoje. "Sawa." Nyumbani kukoje? "Sawa." Unalala vizuri? "Niko sawa, madam." Kila nikisema sawa chumba kilicheka, maana nilikuwa nampatia kabisa, hata ile namna yake ya kuvuta mkono wa sweta. Mimi pia nilikuwa nikifurahia. Niseme ukweli, nilikuwa najisikia hodari.

Kisha Beatrice akafika kwenye swali jipya. Alilisoma kwa sauti ya kawaida, kama tulivyofundishwa. "Kuna mtu yeyote nyumbani ambaye huzungumzi habari za mama mbele yake, ili asiumie?"

"Baba," nikasema.

Nilisema kabla sijafikiri. Neno lilitoka kwa yule msichana niliyekuwa nimemwigiza, na lilipotoka nikalisikia kama mtu mwingine alivyolisikia. Beatrice alikuwa mhojaji mzuri, na mhojaji mzuri haachi swali nusu. Akaendelea na linalofuata, safari hii kwa sauti ndogo. "Ukizungumza, unadhani atafanya nini?"

Nilikaa pale na leso kichwani, nikijaribu kumwona Wandera kwa macho ya mtoto wake. Nilimwona mtu anayerudi jioni, anayeosha pikipiki muda mrefu kuliko inavyochafuka, na ambaye mtu akitaja hospitali kwenye redio huinuka kwenda kutazama kama mlango umefungwa. Mtu kama huyo nani angemwambia kitu?

"Tunywe chai," Daktari akasema.

Sijui kama swali lile lilitoka kwa Nafula. Daktari aliwasikiliza watoto wengine wengi siku zile, na mvulana wa viti angeweza kuwa alilisema kwa namna yake. Sikuwahi kumuuliza Daktari, naye hakuwahi kusema. Alimaliza miaka yake miwili, akaondoka na sanduku alilokuja nalo na jogoo aliyepewa na mama mmoja wa Amukura. Tuliwauliza vijana swali lile kwa muda wote huo. Wengi waliposikia walitutazama kwanza usoni kuona kama kuna mtu aliyetuambia.

Jioni ya mazoezi yale nilifika nyumbani nikaacha pikipiki na matope yake. Nafula alikuwa jikoni anakaanga omena. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali ambapo huwa sikai, akanitazama mara moja na kuendelea kukatakata nyanya. Nilikuwa nimeingia nyumba nyingi za watu kwa miaka mingi na sikuwahi kukosa neno la kuanzia. Hapo nililikosa. Mwishowe nikasema lililokuwa karibu.

"Mama yako alikuwa anaunguza omena."

Kisu kikasimama. "Hakuwa anaunguza."

"Alikuwa. Karibu kila wakati. Mimi nilikuwa nakula nikisema ni tamu."

"Alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua unadanganya." Alikuwa bado amenipa mgongo. "Alituambia, mimi na anti. Alisema baba yako akiomba maji mara moja, chakula ni kizuri. Akiomba mara ya pili, kimeungua."

Miaka yote ile mke wangu alikuwa akinihesabia vikombe, na hakuniambia. Nilicheka, na kicheko hakikufika mwisho, kikageuka. Nafula aligeuka akaniona. Hakukimbia na hakunifariji. Alisimama na kisu mkononi, akasubiri, na baada ya muda akauliza, "Ni moshi, baba?"

Angeniacha niseme ni moshi. Alikuwa ameniandalia jibu kama alivyokuwa akiniandalia chakula.

"Hapana," nikasema. "Si moshi."

Akaketi chini, mgongo kwenye ukuta, akalia yeye naye. Si kile kilio cha matanga. Cha watu wawili tu jikoni, bila mtu wa kutuona wala kutupa pole. Baadaye alijifuta kwa mkono wa sweta.

"Anti Consolata aliniuliza kama nataka kuhamia kwake."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia naogopa kukuacha. Akasema nikuambie. Nikamwambia siwezi kukuambia."

"Kwa nini?"

"Ungesema niende."

"Ningesema," nikakubali. "Nilidhani hapa pamekuchosha."

"Pamenichosha," akasema. "Lakini ni kwetu."

Nilimwambia nitampigia Consolata kesho, na kwamba likizo ataenda Bumala akatukanane na binamu zake kama kawaida, kisha atarudi. Akasema sawa. Halafu akanusa, akarukia jiko kutazama omena, na tulikuwa tumechelewa. Zilikuwa nyeusi upande mmoja, na upande wa pili hazikuwa mbali.

Alipakua hivyohivyo pamoja na ugali. Tulikula. Nilitafuna, nikamwambia ni tamu, nikaomba maji. Nafula aliinuka, akaleta jagi zima, akaliweka kando ya sahani yangu.